Trekta la Mafuta Mawili na Themostati Niliyoing'oa

Nililikuta limeegemea ukuta wa yadi ya chuma chakavu Vingunguti, mwezi wa pili mwaka 2015. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshang'olewa na kijana mmoja alikuwa anawasha gesi ya kukatia. Rangi ya kijivu bado ilionekana chini ya boneti. Mimi nilikwenda kutafuta springi za Canter, si trekta. Lakini nilipoona tangi lenye vifuniko viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, nilimwomba yule kijana azime moto kwanza.

Bamba la namba lilikuwa limeliwa na kutu, ila herufi tatu za mwanzo zilisomeka: TED. Nilizijua tangu utotoni kwa sababu ya Babu. Hakusoma shule, lakini alijua kwamba Ferguson ya TEA ni ya petroli, TEF ni ya dizeli, na TED ni ile inayokunywa mafuta ya taa. Mwenye yadi alinipimia kwa kilo. Mashine yenyewe ina tani moja na kidogo, kwa hiyo hesabu haikuwa ndogo kwa fundi wa gereji ya mtaani. Jioni ile mke wangu aliponiuliza fedha za ada zimekwenda wapi, nilimwambia ukweli. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza kama hilo trekta linaweza kulima shamba la Mama Mkubwa kule Msongola. Nikasema litalima.

Babu alianza kazi ya mitambo Kongwa akiwa kijana mdogo, tanboi, yaani utingo, kwenye ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Alikuwa akitusimulia habari za mashine zilizotoka vitani, nyingine zimeletwa kwa meli kutoka Ufilipino, na vifaru vilivyogeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Alisema udongo wa Kongwa ukishakauka unakuwa mgumu kama saruji, jembe linalika mpaka linaisha kama sabuni. Mradi ulipofungwa akahamia kwenye shamba la mkonge upande wa Morogoro, na huko ndiko alikokabidhiwa Ferguson ya mafuta ya taa. Uzeeni alikuja kukaa nasi Buguruni. Alikuwa akikaa barazani, kila gari linalopita analitolea taarifa: hili linamisi silinda moja, lile beringi zinakwisha. Sisi wajukuu tulikimbia mpaka kwenye kituo kuhakikisha, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Kuhusu lile trekta la mafuta ya taa alikuwa na kauli moja ambayo sikuielewa mpaka nimekuwa mtu mzima: "Lile unaliamsha kwa petroli, unalilisha mafuta ya taa, na unalilaza kwa petroli." Nilidhani ni maneno ya mzee anayekumbuka ujana. Kumbe alikuwa ananipa maelekezo ya kazi.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana vijana wengi wa gereji nikiwaambia kuna injini ya plagi inayotumia mafuta ya taa wanadhani nawatania. Petroli hugeuka mvuke kirahisi, hata asubuhi ya baridi ya Juni inaweza kuchanganyika na hewa na kuwaka. Mafuta ya taa ni mazito zaidi. Huanza kuchemka karibu nyuzi 150, na sehemu yake nyingine haichemki mpaka ukaribie 300. Ukiyapeleka kwenye injini baridi yanaingia kama matone, yanalowesha plagi, yanateremka ukutani mwa silinda na kwenda zake chini. Kwa hiyo waliounda injini hizi waliweka tangi dogo la petroli ya kuwashia. Injini ikishapata moto unageuza koki, yanaingia mafuta ya taa. Mkono wa kuingizia hewa umekaa karibu na mkono wa moshi ili mafuta yapashwe njiani. Na kwa kuwa mafuta ya taa hugonga upesi yakibanwa, yaani huwaka yenyewe kwa kishindo, mgandamizo wa silinda ulipunguzwa, na ndiyo maana TED ni dhaifu kidogo kuliko ndugu yake wa petroli. Ukipata nguvu farasi 25 hapo umepata zote.

Sababu ya kujitesa hivyo ilikuwa fedha. Ferguson ya kijivu iliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, kwenye kiwanda cha Banner Lane kilichoendeshwa na kampuni ya magari ya Standard, na zaidi ya 500,000 zilitoka pale. TED ilianza 1949, wakati petroli kwao bado ilikuwa ya mgawo. Mgawo uliondolewa 1950 lakini ushuru wa petroli ukabaki, ilhali mafuta ya kulimia, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa, hayakubeba mzigo huo. Mkulima akakubali kuhangaika na koki mbili ili abaki na senti mfukoni. Mafuta hayo yaliendelea kuuzwa kwao mpaka 1974.

Wengine walifanya hivyo kabla yao. Fordson zilikuwa zikiwashwa kwa petroli na kulimishwa kwa mafuta ya taa tangu 1917. John Deere Model D, yenye silinda mbili zilizolala, iliundwa tangu 1923 hadi 1953 na ilikuwa ya namna hiyohiyo. Wajerumani wa Lanz kule Mannheim walitoa Bulldog mwaka 1921, silinda moja tu, ambayo kichwa chake unakichoma kwa taa ya kupulizia moto mpaka kiive. Ikishanguruma inakubali karibu mafuta yoyote mazito utakayoimiminia. Ninayoitamani kuifungua kwa mikono yangu ni ile ya International Harvester, injini ya dizeli kamili ambayo ina plagi na kabureta pembeni: inaanza na petroli, ikishachangamka unavuta mkono mmoja, plagi inaacha kazi na dizeli inapokea. Waliofikiria kitu kile nawavulia kofia.

Basi nikalipakia langu kwenye lori, likaja Buguruni.

Kulifufua kulichukua mwaka na miezi. Pistoni zilikuwa zimeshikana na slivu, yaani kuta za silinda, kwa kutu. Nilizilowesha kwa mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia, nikawa kila asubuhi kabla ya kufungua gereji nagonga kidogo kwa kipande cha mti, mpaka siku moja pistoni ya nne ikasogea kama unene wa kucha. Ringi nilipata za gari lingine zenye kipenyo kilekile, nikazisawazisha kwa tupa. Kabureta ya Zenith nilikuta nyigu wamejenga ndani. Magurudumu yalitoka kwenye tela la mtu Gongo la Mboto. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni stata: Ferguson hii huiwashi kwa swichi, unasukuma gia yenyewe kwenye herufi S, kwa hiyo haiwezekani uiwashe ikiwa ndani ya gia ikakuruka. Watu wa 1946 walifikiria usalama wa dereva hivyo, na mimi nimeshaona bajaji za mwaka huu zinazoondoka zenyewe.

Siku ilipowaka, kwa petroli, mtaa mzima ulikuja. Mlio wake si wa kelele, ni wa kunong'ona kwa sauti nzito. Mama mmoja muuza chapati alisema, "Hili linaongea kama mtu mzima." Nilikumbuka baraza la Babu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mimi nimefundishwa ufundi gereji za Dar, na gereji za Dar zina imani moja ambayo hakuna aliyewahi kuihoji mbele yangu: gari likija linachemsha, kitu cha kwanza kinachotoka ni themostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini. Fundi aliyenifundisha alikuwa na ndoo imejaa themostati zilizong'olewa. Alisema, "Hii ni ya nchi za barafu, ili gari lipate joto. Sisi joto tunalo." Nikaamini, nikang'oa, na kwa miaka kumi na tano nimewang'olea watu wengi sana. Kwa hiyo nilipokuwa nafunga silinda hedi ya Ferguson nikaitoa bila hata kufikiri. Nikatoa na bati lililofunika pale mikono ya hewa na moshi inapokutana, maana lilikuwa linapiga kelele na boliti zake zimekatika. Na lile pazia la turubai mbele ya rejeta, ambalo Babu alikuwa akilitaja, sikulishona kabisa. Pazia la nini katika jua la Desemba la Dar es Salaam?

Machi 2017, kabla masika haijashika, nililipeleka Msongola. Mama Mkubwa ana ekari tatu za mihogo na sehemu ya bondeni anapanda mpunga. Nilijaza mafuta ya taa tangi kubwa, nikawasha kwa petroli, nikasubiri kama dakika tano, nikageuza koki. Lilikohoa, likatulia, likaendelea. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku ile.

Baada ya saa moja nguvu zikaanza kupungua. Moshi mweupe wenye harufu ya kandili iliyozimwa. Nikarudisha petroli, likaamka. Nikageuza tena, likalegea tena. Nilifungua plagi, zote nne nyeusi na zimelowa. Nikazisafisha kwa msasa, nikaendelea. Tulilima hivyo siku nne, kwa vipande, kila saa mbili nasafisha plagi. Nililaumu mafuta, nikalaumu koili, nikabadili kondensa.

Kijana wangu wa gereji niliyekwenda naye ndiye aliyekuwa akipima oili kila asubuhi. Siku ya tatu alikuja anatabasamu: "Bosi, hili trekta ni la ajabu, oili haipungui, inaongezeka." Ningemsikiliza vizuri hapo ningejiokoa. Oili haiongezeki. Kama kijiti kinaonyesha imepanda, kuna kitu kimeingia, na kilichoingia ni mafuta ya taa yasiyoungua, yanayopita kando ya ringi na kujikusanya kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nilikuwa najua jambo hili kwa maji, oili ikibadilika rangi kama chai ya maziwa kila fundi anajua gasketi imekufa. Kwa mafuta ya taa haibadiliki rangi. Inakuwa nyepesi tu, nyeusi vilevile. Mimi nikaona kijiti kimelowa mpaka juu nikaridhika.

Siku ya tano ilianza kugonga chini. Mgongo wa fundi unajua mlio huo kabla ya masikio. Nilizima palepale katikati ya mtaro, lakini beringi za konrodi zilikuwa zimeshakwisha na kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imechorwa. Mama Mkubwa alikuja na maji ya kunywa, akaliangalia, akaniuliza kwa upole, "Limekufa, mwanangu?" Nikamwambia bado. Alikodi trekta la watu kumalizia, akalilipa kwa fedha aliyokuwa amewekea bati za nyumba yake, na hilo bado linaniuma kuliko gharama ya kreki.

Kreki niliipeleka mtaa wa Gerezani kusagwa. Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja, mstaafu wa karakana za reli, ambaye hukaa pale kwa wakerezaji kwa sababu nyumbani hana la kufanya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anaiangalia kreki. Aliipapasa, akanusa kidole chake.

"Hii imeoshwa na mafuta ya taa," akasema. "Mashine gani?"

Nikamwambia.

"Themostati yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nimeitoa, kwa sababu ya joto la kwetu. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliniambia nimletee. Kesho yake nilikwenda nayo. Akaazima sufuria kwa mama ntilie, akaweka maji, akaitumbukiza themostati imefungwa kwa waya, tukakaa tukiangalia kama watu wanaosubiri yai. Maji yalipoanza kutoa mapovu madogo haikufanya kitu. Yalipokaribia kuchemka, mlango wake ukaanza kusogea taratibu, mpaka ukawa wazi kabisa. Akaitoa, tukaitazama inajifunga yenyewe hewani.

"Haiongezi joto," akasema. "Inazuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijafika mahali pake. Ikifika, inafungua. Wewe umeliambia trekta lifanye kazi huku limevaa nguo mbichi. Joto la Dar ni nyuzi 32. Injini inataka 80 na zaidi. Hizo 32 zako zinaisaidia nini?"

Nimeirudia hesabu ile kichwani mara nyingi. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na mimi, fundi wa miaka kumi na tano, sikuwa nimewahi kuifanya. Gari likichemsha, kilichoharibika ni rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, kifuniko kisichoshika presha, au themostati yenyewe imekwama ikiwa imefungwa. Ikikwama unaweka nyingine nzima. Kuing'oa ukaacha tundu ni kuficha ugonjwa, na injini inaanza kula oili na mafuta polepole mahali ambapo mwenye gari haoni.

Nikarudi Buguruni nikafanya kazi upya. Beringi mpya, kreki iliyosagwa, themostati mahali pake. Bati la pale mikono ya hewa na moshi inapokutana nilikata lingine kutoka kwenye friji bovu, nikalifunga kwa boliti mpya. Pazia nilishona kwa turubai la lori, linakunjwa kwa kamba, kwa hiyo unaweza kulishusha nusu wakati wa kazi nyepesi na kulipandisha trekta likibeba jembe. Na nilikuwa nimeelewa kauli ya Babu neno kwa neno.

Kuamsha: petroli, bila haraka. Yule mzee wa Gerezani alinipa kipimo chake, uweke kiganja juu ya rejeta. Ukiweza kukiacha pale, bado ni wakati wa petroli. Kwa trekta langu ni dakika kumi au kumi na tano, na naliondoa kwenda shambani likiwa bado kwenye petroli ili lipashwe na kazi. Kulilisha: mafuta ya taa yanataka injini ibebe mzigo. Jembe likiwa ardhini na mlio umekaza, yanaungua safi, moshi huuoni. Ukiliacha linaunguruma tupu chini ya mwembe huku unapiga soga, linapoa na kuanza kujiosha upya. Kwa kazi nyepesi kama kuvuta tela la maji mimi natumia petroli moja kwa moja, halidhuriki. Kulilaza: dakika chache kabla ya kuzima unarudisha petroli, ili kabureta isibaki na mafuta ya taa ndani. Hili nililisahau mara moja, Mama Mkubwa aliponiita kula. Nilizima tu nikaenda. Niliporudi halikuwaka, betri ikaisha, tukapiga handeli mpaka malengelenge yakapasuka, mwisho nikafungua skrubu ya chini ya kabureta nikamwaga yaliyokuwemo, nikafungulia petroli. Likaitikia mzunguko wa pili.

Oili yake nabadilisha mapema sana kuliko gari, na kila asubuhi napima mwenyewe. Nikikuta imepanda simwagi kidogo nikaendelea. Namwaga yote.

Kuna jambo la mafuta yenyewe lazima niliseme. Mafuta ya taa ya dukani peke yake hugonga jembe likiwa zito, kwa sababu yale mafuta ya kulimia ya zamani yalikuwa na uwezo mkubwa kidogo wa kustahimili kubanwa kuliko haya ya kandili. Dawa ni kuongeza petroli. Mimi nachanganya sehemu nne za mafuta ya taa kwa moja ya petroli. Kila Mtanzania aliyekuwa na akili timamu miaka ile atakumbuka jina la mchanganyiko huo: kuchakachua. Wafanyabiashara walikuwa wakitia mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kodi ya kumhurumia mwenye kibatari. Magari yalikufa. Mimi mwenyewe nilifungua injini nyingi zilizokufa kwa hilo, na mteja hujui umwambie nini maana aliyemuuzia hajulikani. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, na kwenye bajeti ya 2011/2012 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili faida ya kuchanganya iondoke. Iliondoka. Lakini na mwenye kibatari alilipa bei hiyohiyo, Mama Mkubwa akiwa mmojawao, na kwa miezi mingi alikuwa akilala jua likizama.

Kwa hiyo trekta langu limefika mahali ambapo sababu iliyolizaa haipo tena. Mafuta ya taa siku hizi hayana unafuu, na kuyapata penyewe ni kuzunguka. Vituo nilivyokuwa nikichota zamani vimeondoa pampu. Watu huniuliza kwa nini nisitumie petroli tu. Kwa kazi nyingi natumia. Lakini wakati wa kulima, nikipata mafuta ya taa, nalilisha kama lilivyoundwa, kwa kuwa nataka vijana wangu waone kwa macho na wanuse kwa pua. Ni vigumu kumweleza mtu mvuke ni nini. Ukimwonyesha plagi iliyolowa na plagi iliyokauka rangi ya biskuti, haulizi tena.

Dumu la mchanganyiko nimelipaka rangi nyekundu pande zote na halikai karibu na jiko. Hapo siongei kwa wepesi. Mafuta ya taa yaliyotiwa petroli yakiingia kwenye kandili au jiko la utambi yanalipuka, na kuna nyumba zimeungua na watoto wakiwa ndani kwa sababu ya dumu lisilo na alama. Nyumbani kwa Mama Mkubwa nimepiga marufuku dumu lile kuvuka mlango wa ua. Linakaa kwenye banda la trekta, lina kufuli.

Siku hizi kazi nyingi gerejini kwangu ni magari yaliyofungwa gesi. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikija Dar kwa bomba tangu 2004 kuzalisha umeme, na sasa bajaji na teksi za mtandao zinaifuata kwa foleni ndefu, kwa sababu ileile iliyowafanya wakulima wa 1949 wageuze koki. Na ukitazama vizuri, gari la gesi ni Ferguson ya TED. Linawaka kwa petroli. Linasubiri maji ya injini yapate joto, kwa kuwa gesi ikitoka kwenye mtungi wa presha kubwa inapoa sana inapotanuka, na kile kifaa cha kuishusha presha kinapashwa na maji ya injini kisigande. Joto likifika, linajigeuza lenyewe kwenda kwenye gesi, huhisi kitu zaidi ya mlio mdogo wa swichi.

Dereva mmoja alikuja analalamika kwamba gari lake linachelewa mno kuingia gesi asubuhi, na usiku wa mvua akiwa barabara ya wazi linarudi petroli lenyewe. Alikuwa ameshakwenda kwa mafundi wawili, wamebadili sensa, wamebadili kompyuta. Nilifungua bomba la juu la rejeta, nikaingiza kidole. Tundu tupu. Nilimuuliza nani aliyeitoa. Akasema ilitolewa miaka mingi, gari lilikuwa linachemsha. Nilimtajia gereji aliyokuwa akienda, akakubali. Ilikuwa gereji yangu. Nilimwekea themostati mpya na sikumtoza hata mia, na nilimweleza sababu.

Tangu hapo nimeanza kuwatafuta. Nina daftari la wateja wa zamani, lenye namba za magari na kazi niliyofanya, na pale palipoandikwa "themo imetolewa" napiga simu. Wengi walishauza magari. Wengine wanashangaa fundi kukupigia akikuomba ulete gari arekebishe alichoharibu. Mpaka sasa nimewarudishia kumi na wanane. Ile ndoo ya fundi wangu ninayo pia, aliniachia alipofunga gereji yake. Zilizo nzima nazipima kwenye sufuria mbele ya vijana, zilizokufa natupa.

Machi iliyopita tulilima tena Msongola. Mvua zilikuwa zimekwishaanza kunukia. Kijana wangu yule yule, ambaye sasa ana mke na gereji yake ndogo Chanika, ndiye aliyeendesha. Nilikaa chini ya mkorosho nikimwangalia akishuka, akiweka kiganja juu ya rejeta, akikiondoa haraka, akiinama kugeuza koki. Lilikohoa mara moja tu. Jembe likashuka, mlio ukakaza, moshi sikuuona. Mama Mkubwa alinimiminia chai akauliza kama leo litamaliza hadi bondeni. Nikamwambia litamaliza, ila tumwache kijana asiitwe kula mpaka arudishe petroli.